Uamuzi wa Fedha Usipitishwe Kwenye Mengineyo

Mwezi uliopita kikundi chetu cha wafugaji nyuki, huku upande wa Sikonge mkoani Tabora, kilipitisha mchango wa shilingi 50,000 kwa kila mwanachama. Muhtasari unasema: "Wajumbe walikubaliana." Mimi nilikuwepo. Jua lilikuwa linazama, akina mama wengi walishaondoka kwenda kupika, nasi tulikuwa tumefika kwenye mengineyo, ile ajenda ya mwisho ya mambo madogomadogo. Mmoja akasema tununue mashine ya kukamua asali, wawili watatu wakapiga makofi, mwenyekiti akafunga kikao. Hakuna aliyehesabu tulibaki wangapi.

Mashine siipingi, tunaihitaji sana. Kesho yake mama mmoja mwenye mizinga sita tu aliniuliza, "Mwanangu, nani kasema nitoe hizo hela?" Sikuwa na jina la kumtajia, na jambo hilo limeniuma mpaka leo.

Tangu hapo najisomea taratibu za vikao, na nimeona si mambo ya waheshimiwa wa Dodoma peke yao. Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, aliombwa kuongoza mkutano kanisani mwaka 1863 ukamshinda. Akaanza kujifunza, na mwaka 1876 akachapisha kanuni ambazo vyama vingi duniani bado vinazifuata. Msingi wake ni jambo moja kwa wakati mmoja. Mtu atoe hoja kwa maneno kamili, mwingine aiunge mkono, mwenyekiti airudie wote waisikie, ndipo mjadala uanze. Anayetaka kuibadilisha alete marekebisho, nayo yaamuliwe kwanza. Mwenyekiti anayetaka kuchangia amwachie mwingine kiti. Na aliyekwisha kusema asirudie wakati yupo anayetaka kusema ambaye hajapata nafasi. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote, maana kwetu wanaume watatu wenye sauti huongea mpaka kikao kinachoka, na yule mama wa mizinga sita hajafungua kinywa.

Halafu kuna akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiamue. Bunge letu linataka nusu ya wabunge wote wawepo ndipo liamue. Sisi tunaamua fedha za wakulima tukiwa wachache, tumechoka, giza linaingia.

Najua wapo watakaosema utaratibu unachelewesha mambo. Nawakumbusha Januari 1958, TANU ilipokutana hapahapa Tabora kuamua iingie au isiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimu mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walifika wakiwa wanaukataa. Nyerere akasimama akajenga hoja, wakabishana kwelikweli, na mwisho mkutano ukaamua kuingia. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaanzisha chama chake. Lakini aliyekubali na aliyekataa wote walijua ni hoja gani iliyopita.

Nimemwandikia katibu wetu kuomba suala la mashine lirudi kikao kijacho likiwa ajenda ya tatu, mara tu baada ya yatokanayo na kikao kilichopita, na wanachama wote wapelekewe taarifa wiki moja kabla. Nimeomba pia kikao kianze saa tatu asubuhi. Hoja nitaitoa mwenyewe, na yule mama ameniambia ataiunga mkono.