Ramanujan, Msomi Aliyesikiliza ya Jikoni

Mama mmoja alijua hadithi moja na wimbo mmoja, ila alikuwa mchoyo navyo: hakuwahi kumsimulia wala kumwimbia mtu. Siku moja kalala mdomo wazi, hadithi ikamponyoka, na wimbo ukafuata. Hadithi ikageuka jozi ya viatu mlangoni, wimbo ukawa koti la kiume limetundikwa ukutani. Mume kurudi: "Kuna nani humu ndani?" Mke hajui la kujibu. Nyumba ikawaka ugomvi, mume akabeba blanketi lake akaenda kulala kwenye hekalu la Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani. Kumbe taa za mji zikishazimwa majumbani, miali yake hukutana hapo hekaluni kupiga umbea. Mmoja ukachelewa. Wenzake walipouliza, ukaeleza kisa chote cha viatu na koti. Mume akakimbia nyumbani kumuuliza mkewe habari za hiyo hadithi na huo wimbo. Mke akashangaa: hadithi gani? Wimbo gani?

Ngano hii ni ya wasema Kikannada wa jimbo la Karnataka, kusini mwa India, na aliyetufikishia sisi wa mbali ni A. K. Ramanujan. Wengi humtaja kama mshairi wa Kiingereza, au mfasiri wa Speaking of Siva (1973), tungo za wacha Mungu wa karne nyingi zilizopita. Ngano huwekwa mwishoni, kama kazi ya kupumzikia. Mimi naona ndizo kazi yake kubwa.

Alizaliwa Mysore mwaka 1929, katika familia ya Kitamil. Baba yake, profesa wa hesabu ambaye pia alikuwa mnajimu wa kutabiri kwa nyota (mwana alisumbuka sana kuelewa hayo mawili yanakaaje kichwa kimoja), alikuwa ghorofani na Kiingereza chake. Chini kwa mama ilikuwa Kitamil. Ukitoka nje, Kikannada. Alipokuwa mwalimu kijana huko Belgaum katika miaka ya 1950 alianza kukusanya ngano, na mwaka 1955 akatoa kitabu cha methali kwa Kikannada. Kisha Marekani: shahada ya udaktari Indiana, na kufundisha Chicago hadi kifo chake mwaka 1993. Mashairi ya Kikannada hakuyaacha.

Alichokiona, na ambacho wasomi wengi wa India walikuwa wakikipita, ni kwamba ngano za wanawake hazifuati mkondo wa zile za wanaume. Ya mwanamume huishia kwenye harusi na ufalme. Ya mwanamke, mara nyingi harusi ndiyo mwanzo wa balaa. Chukua ile ya msichana anayegeuka mti wa maua akimwagiwa maji taratibu. Mtoto wa mfalme anamwoa, kisha wifi anamlazimisha ageuke mbele ya wenzake. Wanamkwanyua matawi ovyo, na anaporudi kuwa mtu hana mikono wala miguu. Bibi anayesimulia hivyo huku akiwalisha wajukuu anajua vizuri anachosema kuhusu ndoa, na wajukuu wa kike wanasikia.

Insha yake maarufu, kuhusu Ramayana mia tatu (Ramayana ni utenzi wa kale wa India unaomhusu Rama), nayo ilitetea kwamba hadithi ina njia nyingi: hakuna Ramayana moja halisi ambayo nyingine zote ni nakala zake zilizoharibika. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kikaiondoa kwenye mtaala wa historia baada ya makundi ya kidini kulalamika. Uamuzi wa woga ule. Ndani ya insha kuna kisa cha pete ya Rama iliyotumbukia shimoni. Hanuman anaifuata, na huko chini anaoneshwa sinia lenye maelfu ya pete, zote za Rama, aambiwe achague yake. Kisa hicho ni cha watu wa India wenyewe; si Ramanujan aliyekitunga awachokoze.

Nongwa yangu naye ni moja. Vitabu vyake viwili vikubwa vya ngano, Folktales from India (1991) na A Flowering Tree, kilichotoka mwaka 1997 baada ya kifo chake, vyote ni vya Kiingereza. Wale kina bibi wa Karnataka wasingeweza kuvisoma. Hata hivyo, kwa anayetaka kumjua ningesema aanze na hicho cha pili. Hadithi ya viatu na koti imo.