Almasi ya chini ya mchoro

Aliyewahi kufungua makala ya mapitio ya kimfumo, yale yanayokusanya tafiti zote za swali moja, anaujua ule mchoro. Mistari mlalo imepangwa kama vijiti, kila kijiti utafiti mmoja, na chini kabisa kuna almasi ndogo inayobeba jumla ya yote. Macho ya wengi hukimbilia kwenye almasi hiyo. Ikilalia upande wa dawa, basi dawa inafanya kazi na mjadala umekwisha. Wanaoushabikia uchambuzi huu wa meta, yaani kujumlisha kwa hesabu matokeo ya tafiti nyingi yawe jibu moja, huuweka juu ya ushahidi mwingine wote wa tiba, na wasioupenda husema ni kuchanganya mchele na chuya kisha kupima uzito. Kwa maoni yangu, kambi zote mbili zinabishania almasi, ilhali jambo lenyewe liko juu yake.

Wenye kuutetea wana hoja nzito, na hawahitaji kwenda mbali kuitafuta. Mwaka 1972, huko New Zealand, Liggins na Howie walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati akichomwa sindano ya kotikosteroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi na nafasi yake ya kuishi huongezeka. Majaribio mengine yakafuata, kadhaa yakiwa madogo mno kutoa jibu la uhakika. Hakuna aliyeyakusanya kwa utaratibu na kuchapisha jumla yake hadi 1989. Yalipokusanywa, ikaonekana sindano hizo hupunguza uwezekano wa watoto hao kufa kwa asilimia 30 hadi 50. Ushahidi ulikuwa umelala kwenye majarida, vipande vipande, na katika miaka hiyo 17 wako watoto waliokufa kwa kukosa tiba ya bei ndogo. Shirika la Cochrane, linaloandaa mapitio ya aina hii kuhusu tiba na lililoanzishwa 1993, liliuchukua mchoro wa majaribio hayo likaufanya nembo yake.

Kisa cha streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo, kinauma zaidi. Uchambuzi wa 1992 ulionyesha kwamba kufikia 1973, majaribio 8 yenye wagonjwa 2,432 yalikwishatosha kuthibitisha kuwa inaokoa maisha. Baada ya hapo yakafanyika majaribio 25 zaidi, yenye wagonjwa 34,542. Wako waliopangiwa kundi lisilopewa dawa, kujibu swali ambalo jibu lake lilikuwa kabatini.

Sasa geuza upande wa pili, na ugonjwa ni uleule. Mwaka 1991 majaribio madogo 7 ya magnesiamu ya mshipani yalijumlishwa, na almasi ikatoka nzuri ajabu: vifo vimepungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1995 likaja jaribio la ISIS-4, wagonjwa 58,050. Faida haikuonekana. Watafiti wamebishana sana kuhusu sababu, lakini mshukiwa mmoja ni wa zamani: tafiti ndogo zenye habari njema huchapishwa, zenye habari mbaya hubaki kwenye droo. Kanuni ya kujumlisha haiwezi kuhesabu kilichomo kwenye droo, na kilichochapishwa kikiwa kimeegemea upande mmoja, jumla nayo itaegemea hukohuko, tena kwa kujiamini zaidi.

Wala si lazima watu wafiche kitu. Fikiria wahakiki wawili, yaani waandaaji wa mapitio, wakinakili takwimu kutoka makala ileile, kila mmoja peke yake. Jedwali linaonyesha wastani, na pembeni yake namba ndogo baada ya alama ya kujumlisha na kutoa. Mmoja anaandika kuwa ni mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi watu wanavyotofautiana. Mwenzake anashuka hadi tanbihi yenye herufi za kusumbua macho, anakuta ni kosa sanifu, kipimo cha jinsi wastani wenyewe unavyoweza kuyumba. Kama kila kundi lilikuwa na watu 100, namba hiyo ni moja ya kumi tu ya mkengeuko wenyewe, na kwa kuwa uzito wa utafiti hukua kadiri mraba wa namba hiyo unavyopungua, utafiti huo ukiingizwa kimakosa utapewa uzito mara 100 ya unaostahili. Utafiti mmoja umeiburuta almasi nzima, na msomaji hana habari. Ndiyo maana kazi hii hufanywa na watu wawili wasiochunguliana, jambo ambalo mwenye haraka huliona urasimu.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia Hans Eysenck aliuita uchambuzi wa aina hii upuuzi uliokithiri, kwa sababu uliokuwa mbele yake ulikuwa umejumlisha tafiti nzuri na mbovu bila kujali. Alikuwa na haki kulalamika. Janga la Uviko-19 lilitukumbusha: Julai 2021, utafiti mmoja wa ivermektini, dawa ya vimelea iliyojaribiwa kwa ugonjwa huo, uliowekwa mtandaoni kabla ya kuhakikiwa uliondolewa kwa mashaka juu ya data zake, na uchambuzi uliokuwa umeuegemea ukajikuta ile faida ya kuzuia vifo inayeyuka. Lakini kutupa njia nzima kwa sababu hiyo ni kuturudisha kwa profesa mzee anayekumbuka makala tatu alizozipenda. Huyo naye hujumlisha, ila kichwani, na hatuwezi kumkagua.

Kwa hiyo yakinifikia mapitio mapya, almasi huiacha kwanza. Naangalia kama itifaki, yaani mpango wa kazi, ilisajiliwa kabla ya kazi kuanza, mathalani kwenye PROSPERO, daftari la mtandaoni la kusajili mapitio lililopo tangu 2011, na kama swali lililosajiliwa ndilo lililojibiwa. Kisha nafungua orodha ya tafiti zilizoachwa nje na sababu za kila moja. Mara chache nimekutana na wahakiki walioandika kwamba tafiti zilitofautiana mno, hivyo hawakujumlisha, na mchoro wao hauna almasi. Hao huwasoma hadi mwisho.