Binti Kaja na Neno

Mimi fundi baiskeli, Ngamiani, na Tanga hii baiskeli haziishi, kwa hiyo tairi la kuziba silikosi. Amani ndiyo sina. Binti yangu karudi likizo kutoka chuo huko Dar es Salaam, kakaa jamvini, kamega muhogo, kasema: "Baba, mimi ni mfeministi."

Nikadhani maradhi. Nikamuuliza kama bima inalipa.

Akacheka, akanieleza: ni mtu anayetaka mwanamke na mwanaume wawe na haki sawa. Hapo nikachanganyikiwa zaidi, maana kijiweni kwetu wanasema vingine kabisa. Nikalipeleka shauri kwa muuza kahawa. Muuza samaki akasema huyo ni mwanamke aliyeachika, sasa hataki wenzake wakae na waume zao. Dereva wa Noah akasema hao hawapiki. Mzee mmoja, kashata bado mdomoni, akatoa hukumu: "Mambo ya Beijing hayo!"

Kwetu ukishataja Beijing kesi imekwisha. Mke kachelewa kurudi sokoni, Beijing. Kauliza hela ya jana imekwenda wapi, Beijing hiyo hiyo. Halafu watu wa bara wanavyotusema sisi, kwamba mume wa Tanga anaoshwa miguu kila jioni! Miaka 22 niko ndani ya ndoa, miguu yangu naosha mwenyewe, tena kwa maji niliyoteka mwenyewe.

Nikarudi nyumbani na Beijing yangu. Binti akanijibu kwa upole (bora angefoka, ningejua pa kumshika) kwamba Beijing ni mkutano wa dunia wa wanawake, na ule wa 1995 katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Kwamba Bibi Titi Mohamed hakutumwa na Mzungu, mwaka 1955, kupita kwenye vikundi vya ngoma akiwaingiza akina mama TANU. Na kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumchapa mwenzake. 1971! Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Nikauliza chumvi iko wapi.

Lakini mwanaume hakubali kulala na kipigo cha maneno. Kesho yake, mbele ya mama yake, nikatangaza: "Haki sawa si mnaitaka? Kuanzia mwezi huu, humu ndani kila kitu nusu kwa nusu!" Nilitegemea mama watoto apige magoti. Akasema, "Sawa." Upesi mno. Akaingia chumbani, akatoka na daftari la kikoba, maana yeye ndiye mweka hazina.

Akaanza kusoma. Umeme, yeye. Bati za jikoni, yeye. Nauli ya binti, yeye, kwa vitumbua vile vile ninavyokula bure kila asubuhi. Mimi nilitokea mara moja, kwenye "mengineyo".

Akafunua ukurasa wa wadaiwa. Jina la jirani yangu, shilingi 20,000, na pembeni kwa wino mwekundu: *kachukua kwa niaba ya mume wangu.*

Jasho likanitoka. Ndiyo hela niliyomkopa jirani kabla ya Idi nikamnunulie mama watoto doti ya khanga! Khanga niliyomfunika mabegani mbele ya wakwe, mashemeji wakapiga vigelegele, nami nikavimba kama chura wa masika. Kumbe kajinunulia mwenyewe, na riba juu. Na hapo aliponisomea daftari alikuwa kajifunga khanga ile ile, maandishi yananitazama: ASANTE MUME WANGU KWA KUNITUNZA.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya Idi."

"Mbona ulinyamaza?"

"Khanga yenyewe nzuri."

Kijiweni wakaniuliza kama nimemrudisha binti kwenye mstari. Nikawaambia nimemkanya vikali, mpaka mama yake katetemeka. Wakanisifu sana, mzee wa Beijing akaninunulia na kikombe cha pili. Nikakinywa harakaharaka, maana jioni hiyo nilikuwa na kikao cha kikoba. Ndiyo, wameniandikisha, nilipe deni kidogo kidogo, na ukichelewa faini 1,000. Nikapitia uchochoroni wasinione.

Kufika mlangoni, navua viatu, naona pale ndara ninazozijua. Za yule mzee. Katangulia.