"Run" si kukimbia tu, jamani!

Neno "run" la Kiingereza linachosha. Ukilifunga kwenye "kukimbia" umepotea. Pua ndiyo iki-run, kamasi linatiririka. Kitambaa kiki-run, kinachuja rangi. Mtu aki-run duka, analiendesha. Aki-run for president, anagombea urais. Halafu kuna vile vineno vya nyuma: "run out" ni kuishiwa, "run over" ni kugonga na kukanyaga kwa gari, "run into" ni kukutana na rafiki bila kutarajia au kuugonga mti, lolote lile! Ndiyo maana "run a program" tunaletewa kama "kimbiza programu" badala ya "endesha programu". Tazama kwanza nani anatenda, kisha kineno kinachofuata. Na kitenzi "set" je? Kamusi ya Oxford ya 1989 ilikipa maana 430.