Kombaini ya mpunga iliyotumika: anzia chini, kwenye cheni

Ukienda kutazama kombaini inayouzwa, yaani mashine ya kuvuna na kupura kwa pamoja, jambo la kwanza muuzaji atakuwashia injini. Itanguruma vizuri, utaridhika, mtaanza kupatana bei. Kwa mnunuzi mwenye pesa za kuungaunga, huko ni kuanzia pasipofaa. Injini ya dizeli ya silinda nne ina mafundi wake karibu kila mji. Kinachomfilisi mtu ni cheni za mpira za kutembelea, pampu ya haidroliki inayoiendesha mashine, na vyuma vinavyosuguana na mpunga.

Nazungumzia kombaini ndogo za cheni, zenye mdomo wa kukatia wa kama mita 2. Zipo pia zile kubwa za matairi kutoka Ulaya, zilizochokea kwenye ngano, ambazo bei yake inashawishi. Hizo waachie wakulima wa ngano wa Narok na Uasin Gishu, Kenya. Kwenye jaruba la Usangu, Tanzania, lenye tope zinazama, na ngoma yake ya kupura imeundwa kusugua masuke ya ngano, ilhali mpunga hupurwa vizuri zaidi na ngoma ya meno. Kuigeuza ni gharama ya mtu ambaye angeweza kununua inayofaa tangu mwanzo.

Basi piga magoti. Upande wa ndani wa cheni, kwenye mpira wenyewe, mara nyingi kuna namba tatu mfano wa 450×90×51: upana kwa milimita, umbali kati ya chuma na chuma, na idadi ya vyuma. Ziandike, kisha uliza bei ya cheni mbili mpya dukani kabla hujataja bei ya mashine. Usidanganyike na vitako vya mpira vinavyokanyaga ardhi kuwa bado virefu. Tafuta nyufa: maji yakipita kwenye ufa, nyaya za chuma zilizo ndani huota kutu, na cheni hukatika ghafla huku kwa nje ikionekana nzima. Tazama na gurudumu la meno linaloivuta. Meno yakiwa yamechongoka na kupinda upande mmoja, hata cheni mpya italiwa mapema. Vigurudumu vya chini vitikise kwa mtaimbo; kinachocheza au kuvuja oili kimekwisha.

Pampu ya haidroliki haijaribiwi ikiwa baridi, kwa sababu oili nzito huficha uchakavu. Ifanyishe kazi nusu saa au zaidi, kisha ipandishe tuta, mbele na nyuma. Ikianza kulegea ilhali injini haijashusha mzunguko, oili inavuja ndani ya pampu au mota. Huo ni ugonjwa wa pesa nyingi. Mimi ningeachana na mashine hiyo hata kama wanapunguza bei.

Sasa tumboni. Zima injini, toa ufunguo, ndipo ufungue mlango wa ngoma. Ganda la mpunga lina silika nyingi na hula chuma kama msasa, kwa hiyo meno huisha upande unaopiga. Meno kuisha si tatizo, hubadilishwa. Tatizo ni ngoma iliyochomelewa ovyo upande mmoja: itatikisika kwa kasi na kuua beringi kila mara. Izungushe kwa mkono uisikilize. Kisha gonga kwa spana bati la chini la bomba zinamopita skrubu za kupandishia nafaka. Likilia kama debe tupu, au likiwa na kiraka juu ya kiraka, jua kwamba mpunga umekuwa ukimwagika njiani.

Mikanda na visu visikuumize kichwa, ni vya kununua na kufunga.

Kipimo kisichobembelezwa na mtu ni punje zilizobaki shambani. Weka fremu ya mita 1 kwa mita 1 nyuma ya mashine, sehemu tatu kukata upana wa njia yake, hesabu punje zilizojaa, tafuta wastani. Toa zile zilizokuwa zimepukutika zenyewe, unazozihesabu pale pasipovunwa. Punje 1,000 za mpunga zina uzito wa kama gramu 25, hivyo punje 400 kwa mita ya mraba ni kilo 100 kwa hekta, au kilo 40 kwa ekari. Mwenye shamba akiziona hizo, msimu ujao hakuiti.

Kwa hiyo kaiangalie msimu wa kuvuna ikiwa kazini, lakini lipa msimu ukiisha, bei zinaposhuka. Katika kila shilingi 10 ulizonazo, tumia 7 kununua na 3 zibaki za matengenezo. Chagua aina ambayo jirani zako wanayo tayari, hata kama nyingine ni nzuri zaidi kwenye karatasi. Mdomo wa mita 2 kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, ukitoa kona na kumwaga nafaka, hukupa kama ekari moja kwa saa. Kwa kazi ya saa 8 kwa siku, beringi inayosubiriwa siku 5 kutoka mbali inakula ekari 40.

Linganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye hati za forodha. Saa za mashine zilizoandikwa kwenye dashibodi zisome, lakini usizilipie. Waya wake huchomolewa kwa dakika moja.

Injini iache mwisho. Fika alfajiri, na kabla ya salamu kunoga weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, kuna mtu amekutangulia kuiwasha. Rudi siku nyingine bila kutaja saa. Ikiwa baridi, iwashwe mbele yako, ikipata joto legeza kifuniko cha oili ukiache kimekaa juu ya tundu. Kikirukaruka na moshi kutoka hapo, ringi za pistoni zimechoka, na hilo fundi wa mjini analiweza, mradi mpunguziane bei.