Medicaid na uraia wa Marekani: wanaokataza wana hoja, ila tuangalie hasara iko wapi

Kuna mama mmoja wa Kivu hapa mtaani kwetu, alikuja kama mkimbizi, grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) anayo, mimba ya miezi sita, na kadi yake ya Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ameificha kwenye kopo la unga. Mtu wa kanisani alimwambia ukiitumia hiyo uraia usahau, basi akaacha kliniki, presha anajipimia kwenye ile mashine ya duka la dawa, anaingiza mkono anasoma namba peke yake anarudi nyumbani. Nilipomuuliza akanijibu, ndugu yangu, mimi nimelala kambini Nyarugusu, Tanzania, miaka 14, siwezi kupoteza makaratasi kwa ajili ya kipimo cha mkojo.

Sasa, alichoambiwa si kweli. Kinachotisha watu ni lile suala la kuwa "mzigo kwa serikali", ambalo lipo kwenye sheria za uhamiaji za Marekani tangu 1882, ila linaulizwa kwenye mlango wa viza na mlango wa grinikadi. Kwenye mlango wa uraia halipo. Na mkimbizi hata huko kwenye grinikadi haligusi, sheria yenyewe imemtoa. Anayeguswa naye, kanuni iliyoanza kutumika Desemba 2022 inaangalia misaada ya pesa taslimu kama SSI na TANF, na kutunzwa muda mrefu kwenye taasisi kwa gharama ya serikali. Kliniki, kujifungua, chanjo za mtoto, hayamo.

Chukua fomu yenyewe ya uraia, N-400, isome. Haikuulizi kama umewahi kutumia Medicaid, inakuuliza kama umewahi kudanganya ili upate msaada wa serikali, na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Halafu kuna kichekesho ambacho watu wengi hawakijui. Ada ya N-400 kwa karatasi ni dola 760, na kama huna uwezo unaomba msamaha wa ada kwa fomu ya I-912, na moja ya vielelezo wanavyokubali ni barua inayoonyesha kwamba unapokea Medicaid! Serikali ile ile unayoogopa isikuone na kadi ndiyo inakwambia leta barua ya hiyo kadi tukusamehe ada.

Lakini nisiwaonee wanaokataza, maana si wajinga. Kwanza wengi walipita kwenye mlango ule ambao swali linaulizwa kweli. Mtu aliyeshinda bahati nasibu ya grinikadi, akakaa mbele ya afisa wa viza ubalozini Nairobi akionyesha barua za benki na za mdhamini kuthibitisha kwamba hatakuwa mzigo, huwezi kumwambia miaka mitano baadaye kwamba jambo lile lilishaisha, atakuona unamtega. Pili, kanuni zinageuka. 2019 serikali ya Trump iliandika kanuni iliyoingiza Medicaid, stempu za chakula na nyumba za ruzuku kwenye hesabu, ikaanza Februari 2020, ikafa Machi 2021, ikaja ya 2022, na Novemba 2025 wamependekeza kuifuta hiyo ya 2022. Tatu, Juni 2025 taarifa za watu wa Medicaid kutoka baadhi ya majimbo zilipelekwa kwa Idara ya Usalama wa Ndani, majimbo yakaenda mahakamani. Ukishasikia hilo halafu mtu akwambie usiogope ni kadi ya hospitali tu, utamwamini? Na mwenye grinikadi akienda nyumbani kuzika akakaa zaidi ya siku 180, akirudi anaweza kuhesabiwa kama anaomba kuingia upya, na lile swali la mzigo likamrudia pale uwanja wa ndege. Haya yote ni ya kweli.

Ila kuna namba siwezi kuiacha. Kile kipindi kanuni kali ya Trump ilipokuwa inafanya kazi, Idara yenyewe ya Usalama wa Ndani ilisema baadaye kwamba ilitumika kwenye maombi ya grinikadi 47,555. Waliokataliwa kwa sababu ya kanuni hiyo, watatu. Sio elfu tatu wala mia tatu, watatu, na hao nao mafaili yao yalifunguliwa tena wakapewa. Sasa weka pembeni utafiti wa Desemba 2018 wa Urban Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, kanuni ikiwa bado pendekezo tu, haijaanza hata siku moja: mtu mzima mmoja kati ya saba kwenye familia za wahamiaji alisema yeye au mtu wa kwao aliacha au aliogopa kuomba msaada. Wamo wenye grinikadi tayari. Wamo hata wa familia ambazo wageni wote walishakula kiapo cha uraia, watu ambao hakuna mtu wa kuwanyang'anya chochote kwa sababu ya kadi ya hospitali. Nikifikiria hizo namba mbili pamoja nachoka. Watatu waliokataliwa na sheria, na sijui ni wamama wangapi kama huyu wa kwetu wenye kadi kwenye kopo la unga, waliojikataza wenyewe kabla afisa hajafungua faili.

Na wakati tunaogopa kadi, pale penye hatari kweli tunapita tunaimba. Inakuwa hivi, mtu anajaza fomu ya msaada, anashauriwa aandike anaishi peke yake na watoto ili kipato kisizidi, baba yupo sebuleni anaangalia mpira. Au jamaa anaendesha Uber, kipato kimepanda, hataki kuwaarifu. Miaka inapita, inakuja N-400, inataka anwani zako zote za miaka mitano, ndoa, kazi, na kodi nazo zinaangaliwa, na mume aliyekuwa hayupo kwenye fomu ya Medicaid anatokea kwenye anwani ile ile tangu 2021. Hapo ndipo tabia njema, ambayo ni sharti la uraia, inapoingia shakani, na tangu Agosti 2025 maafisa wameambiwa waipime hiyo tabia kwa ukali zaidi. Tatizo hapo ni uongo, na cha kuudhi, aliyemshauri aandike "peke yangu" mara nyingi ndiye yule yule anayewaambia wajawazito waache kliniki.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: kama unastahili na umesema ukweli, itumie. Kama umedhaminiwa kifamilia, ongea kwanza na wakili, maana sheria inaruhusu serikali kumdai mdhamini wako baadhi ya misaada mpaka uwe raia au ufikishe robo-mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, hapo tahadhari ina maana. Na wewe mkimbizi ambaye hujaomba grinikadi kwa sababu umetishwa, sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inawatoa wengi wa wakimbizi wasio na grinikadi kwenye Medicaid ya shirikisho kuanzia 1 Oktoba 2026, ukiacha watoto na wajawazito kwenye majimbo yanayowabeba. Swali lako leo sio kama uitumie hiyo kadi. Fomu yako ya I-485, ile ya kuomba grinikadi, iko wapi?