Wakazi wa Mwanza wanapokataa nyumba kwenye eneo la wazi

Ukiutazama mchoro wa mipango miji wa mtaa wowote uliopimwa Mwanza, uwe Kiseke, Buswelu au Nyegezi, utakuta vipande vimepakwa kijani. Nenda sasa ukavione kwa macho. Utakuta vumbi, magoli mawili ya miti, mbuzi wanne, kibanda cha mkaa, lundo la taka lililotupwa wiki ambayo gari halikupita, na pembeni mwamba mkubwa ambao pimbi waliuhamia kabla yetu sote. Hilo ndilo eneo la wazi, na ndilo linalogombaniwa.

Ugomvi wenyewe tunaujua. Wapima ardhi wanaonekana asubuhi na vyombo vyao, vijana wanachimbia bikoni, zile nguzo fupi za mipaka ya viwanja, na kabla ya jioni mtaa mzima unazo habari: mchoro unabadilishwa, pale zinakuja nyumba. Mkutano wa hadhara unaitishwa. Nilihudhuria mmoja wa namna hiyo katika mtaa ninaoishi, Ilemela. Pendekezo lilikuwa majengo ya ghorofa chache, ya kuuza na kupangisha, kwenye uwanja ambao watoto huchezea chandimu na wakubwa kila mwaka hufanya ligi ya kugombea mbuzi. Hakuna hata mkazi mmoja aliyesimama kuunga mkono. Afisa aliyetumwa kueleza mradi alizomewa kabla hajafika ukurasa wa pili wa makaratasi yake. Nilitoka pale nikiwa upande wa wakazi, na bado niko upande wao. Ila sababu zangu si zile zilizopigiwa makofi siku ile, na nina masharti.

Nianze na upande uliozomewa, kwa sababu hoja zake hazikusikika.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 706,000 katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda mji wa Mwanza, kwa pamoja. Ya 2022 ilikuta zaidi ya 1,104,000. Ni nyongeza ya karibu watu laki nne katika miaka kumi, na wote hao wanalala mahali. Wengi wamepanda mlimani. Anayetaka kujua jiji hili linakua vipi asimame mjini akitazama Bugarika, Igogo au Mabatini: nyumba juu ya nyumba, zimeshikamana na mawe, na kati yake vijia ambavyo jeneza hushushwa mabegani kwa sababu hakuna gari linaloweza kufika. Serikali imefanya urasimishaji huko, yaani kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango, na Mwanza ni mmoja wa miji iliyolishika zoezi hilo kwa nguvu. Ni jambo jema. Lakini urasimishaji hupima kilichokwisha kujengwa. Hauwezi kurudisha uwanja wa mpira ambao haukuwahi kuachwa.

Hapo ndipo hoja ya maafisa wa mipango miji inapopata uzito. Nyumba mnayoikataa Kiseke haifutiki. Itaota kwenye mteremko wa mawe, au itakwenda Kishiri na Buhongwa kula mashamba. Na kuifuata huko ni ghali. Mtambo wa maji wa Butimba umejengwa kwa uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, lakini maji hayapandi mlima yenyewe. Yanasukumwa kwa pampu hadi kwenye tangi, kisha yanashuka kwa mabomba ambayo mitaro yake inachimbwa kwenye mawe, kazi ambayo sururu peke yake haiiwezi. Mtaa uliopimwa tayari una bomba, una nguzo za umeme, una barabara ya daladala. Ukiongeza familia hamsini pale, gharama ni ndogo kuliko kuzipeleka familia hizo hizo kilomita kumi nje ya mji. Ukimsikiliza afisa yule bila hasira, hesabu yake haina kosa.

Tena tuwe wakweli kuhusu baadhi ya yaliyosemwa na majirani zangu. Wapo waliosema wapangaji wataleta wizi. Wapo waliosema hadhi ya mtaa itashuka. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, alieleza kwa upole kwamba hana neno na nyumba, ila zisiwe za watu wa kupanga. Yeye mwenyewe alipanga chumba Kirumba miaka mingi kabla hajajenga. Hoja za namna hii zikipigiwa makofi mkutanoni zinaiharibu kesi ya wakazi, maana anayesikiliza kutoka nje anaona tu watu waliokwisha kuingia wakifunga mlango.

Kesi yenyewe ni nzuri kuliko hivyo, na kiini chake ni maji.

Mji huu umekaa juu ya mawe. Mvua ikinyesha, jiwe halinywi. Maji yanateremka kwa kasi hadi yakute udongo, na udongo wenyewe uko kwenye mabonde membamba kati ya kilima na kilima. Sasa jiulize: waliochora mitaa yetu waliacha wapi maeneo ya wazi? Mara nyingi waliacha pale ambapo kiwanja hakikatiki. Kwenye mkondo. Kwenye kitako cha mwamba. Kwenye mbuga. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo yangefaa kuandikwa kwenye michoro: luseni, ule mchanga wa miteremko ambao maji hupita, na mbuga, ule mweusi wa bondeni ambao kiangazi hupasuka mipasuko ya kuingia mkono na masika hushika maji kama bakuli. Aliyejenga kwenye mbuga anaujua ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha. Kwa hiyo uwanja wetu wa chandimu ni bakuli la kupokea maji ya kilima kizima, na tunauona kama uwanja kwa sababu miezi mingi umekauka. Ukisimamisha majengo pale, ukasakafia na maegesho kwa vitofali, maji hayatakosa pa kwenda. Yatakwenda kwenye nyumba inayofuata kwa kuwa chini. Watu wa Mabatini hawahitaji kufundishwa somo hili. Mto Mirongo unawapitia, na wanajua mvua ya saa moja tu inaweza kufanya nini pale ambapo kingo zimebanwa na nyumba na chini pamejaa taka.

Kwenye ufukwe hali ni kali zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Inasikika kama jambo lisilo na utata, mpaka uulize ukingo ni upi. Kina cha Ziwa Victoria, kinachopimwa Jinja, Uganda, kilivunja mwaka 2020 rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, kisha mwaka 2024 kikaivunja tena ile ya 2020. Kabla ya hapo, mwaka 2006, ziwa lilikuwa limerudi nyuma hata watu wakalima na kuweka vibanda mahali palipokuwa maji. Aliyepima mita 60 mwaka 2006 na aliyepima 2024 hawakuanzia mahali pamoja, na wote wawili walifuata sheria. Ndiyo maana kwa vipande vya kijani vinavyogusa ziwa, kuanzia Luchelele hadi upande wa Bwiru, mimi sioni cha kupima pande mbili. Visijengwe, viwe vya nyumba za bei nafuu au hoteli ya nyota ngapi sijui. Ziwa lina tabia ya kurudi kuchukua chake.

Kuhusu watoto na michezo yamesemwa mengi, sitarudia. Niseme tu kuhusu misiba, ambayo haimo kwenye ripoti za wataalamu. Mtaa usio na eneo la wazi huweka turubai barabarani. Siku tatu bodaboda wanazunguka, gari la wagonjwa linapiga king'ora bila pa kupita, na wafiwa wanakaa na aibu juu ya huzuni. Mwenye uwanja hafikirii jambo hili hadi uwanja utakapoondoka.

Kisha liko suala la nani ana neno la mwisho, na hapa wakazi wengi wanajidanganya. Katika kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji una meno. Katika mtaa wa mjini, hakuna. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaiweka kazi ya kupanga mikononi mwa halmashauri ya jiji au manispaa. Mkutano wa mtaa unaweza kupiga kelele na kuandika muhtasari. Kijiji kinapomezwa na mji, watu wake wanapata barabara na kupoteza kura hiyo kwa pamoja, na sidhani wengi huelezwa hilo la pili. Ndiyo chanzo cha hasira ya mkutanini: mtu hushirikishwa baada ya bikoni kuchimbiwa, halafu anaambiwa atoe maoni. Maoni ya nini?

Lakini niwaulize pia majirani zangu swali lililonikosesha raha mimi mwenyewe. Kama afisa yule angekuja na mchoro wa zahanati, au madarasa ya sekondari ya kata, tungemzomea? Tungepiga vigelegele, nami nikiwemo. Na bonde lingekuwa limejengwa vilevile, maji yangekosa pa kukaa vilevile. Maeneo mengi ya wazi katika miji yetu yamekwisha kwa njia hii ya heshima, kipande cha ofisi ya kata, kipande cha kituo cha polisi, kipande cha soko, bila mtu kuandamana.

Upande wa pili nao una swali lake la kujibu: nyumba hizi ni za nani? Watetezi wa mradi hupenda kumleta mkazi wa mlimani kama shahidi. Familia ya Igogo inayobeba ndoo kichwani inatajwa kwenye kila utetezi. Basi tuoneshwe kodi ya mwezi. Kama mbebaji mizigo wa soko la samaki la Mwaloni hawezi kuilipa, wala mama anayeuza dagaa, basi huyo shahidi ametumiwa tu kufungulia mlango na funguo akapewa mtu mwingine. Mradi ule haukuwa na bei kwenye makaratasi. Uliandikwa nafuu, basi.

Nilisema nina masharti. Yanatokana na ngitili.

Kwa asiyelijua neno hili, ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga masika ili majani yakue, kisha huifungua kiangazi wakati ng'ombe hawana kitu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulizirudisha ngitili kwa wingi katika nchi iliyokuwa imebaki uwanda mtupu, na ulifaulu kwa sababu ulijenga juu ya desturi ambayo watu walikuwa nayo. Ngitili ilidumu kwa kuwa ilikuwa na kazi inayojulikana, mipaka inayojulikana, na faini. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati aliitwa kwenye dagashida, baraza la wazee na wanakijiji, akalipa.

Eneo letu la wazi lina nini katika hayo? Halina hati. Halina anayelipalilia. Mifereji yake imejaa mifuko ya plastiki tuliyoitupa sisi. Na hili nalisema nikijua litasomwa na wahusika: wawili kati ya waliozungumza kwa sauti kubwa zaidi mkutanini, kuta za uzio wao zimekwisha kuingia uwanjani hatua kadhaa. Halmashauri inapoliona eneo la namna hiyo inaona pori, na inayo haki ya kuona hivyo.

Ningetaka uwanja usajiliwe kwa matumizi ya umma kwa jina, upimwe na kuzungushiwa uzio wa miti, uwe na kamati inayotoza atakayemwaga taka. Hilo majirani walilikubali haraka. Sharti la pili halikupokelewa. Nilisema tukizuia nyumba uwanjani, tuzikubali kwenye viwanja vyetu wenyewe. Mtaa wetu ni wa ujazo mdogo, kila mtu ana nyumba moja na bustani na nafasi ya magari matatu asiyokuwa nayo. Wenye viwanja waruhusiwe kupandisha ghorofa au kujenga vyumba vya kupangisha nyuma, na sisi tusiende kuwashtaki kwamba wanatuchungulia. Familia hamsini zinaingia hivyo bila kugusa bonde. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta aliacha kunisalimia wiki mbili.

Bikoni bado zipo. Mtaa umeandika barua kuomba kitu kimoja, mchoro wa mifereji unaoonesha maji ya kilima yatapita wapi baada ya majengo kusimama. Ukija, tutakaa tuzungumze idadi ya nyumba na kodi yake. Mpaka naandika haya haujaja, na vuli inakaribia.